Dokta Matthew Lukwiya, munganga aliyeitwa usiku na muuguzi wake naye akaitika

Wandugu wasomaji wa Fizi, wa Baraka na wa kando zote za ziwa Tanganyika, leo tunapenda kuwasimulia maisha ya munganga mumoja ambaye hakuzaliwa kwetu, lakini kazi aliyoifanya inafanana sana na ile inayofanywa kila usiku katika hospitali zetu na vituo vyetu vya afya. Jina lake ni Matthew Lukwiya. Alitumika katika hospitali ya Lacor, karibu na muji wa Gulu, kaskazini ya Uganda. Alikufa tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43.

Dunia inamukumbuka kama munganga aliyesimama mbele ya Ebola. Ni kweli, na tutaisema. Lakini sisi tunataka kumuangalia zaidi kwa upande mwingine: namna alivyoishi na wale aliotumika nao, zaidi sana wauguzi. Sababu kila muuguzi aliyekwisha kupitisha zamu ya usiku anajua jambo hili: si wingi wa wagonjwa peke yake unaovunja moyo. Kinachovunja moyo ni kuwa peke yako, saa ile mugonjwa anapoanza kuzidiwa, na kutojua kama ukiita kuko mutu atakayekuja.

Mutoto wa Kitgum

Matthew alizaliwa tarehe 24 Novemba 1957 katika eneo la Kitgum, kwa watu wa kabila la Waacholi. Baba yake alikuwa muchuuzi wa samaki. Alikufa kwa kuzama katika maji wakati Matthew alikuwa na miaka 12. Mama akabaki na watoto, bila bwana na bila mushahara. Alikuwa na biashara ndogo tu: kuvusha majani ya chai mupaka wa Sudani na kurudi na sabuni. Wamama wa Baraka wanaovuka ziwa na bidhaa zao wanaijua kazi ya namna hiyo, hatuna haja ya kuwafasiria.

Umasikini ule haukumuzuia mutoto kusoma. Katika masomo alikuwa wa kwanza ao kati ya wa kwanza, na akili yake njo ilimupatia njia ya kusaidiwa kulipa shule. Alifika chuo kikuu cha Makerere, Kampala, akasomea uganga. Mwaka wa 1983 alikuja Lacor kufanya mazoezi ya kazi, kama vile waganga wapya wote wanavyofanya. Alikuja kama mwanafunzi, na pale njo ilikuwa nyumba yake mupaka kaburini.

Lacor ilianzishwa na wamisionere Wakomboni mwaka wa 1959. Toka 1961 iliongozwa na bwana na bibi: Piero Corti, munganga wa watoto kutoka Italia, na Lucille Teasdale, mupasuaji kutoka Kanada. Wale wawili walikuta hospitali ndogo, wakaikuza mupaka ikawa kubwa, na ndani yake shule ya wauguzi. Walipomuona Matthew akitumika, hawakuchelewa kuelewa. Ndani ya miezi mitatu tu walikwisha kuamua kwamba kijana huyu njo atakayewarithi. Walitaka hospitali iachwe katika mikono ya watoto wa inchi, na mutoto wa inchi alikuwa amefika.

Ijumaa Kuu ya 1989

Toka 1986 kaskazini ya Uganda iliingia vitani. Waasi wa LRA wa Joseph Kony, wale ambao miaka ya nyuma walivuka mupaka mupaka wakafika kwetu Garamba na Haut-Uele, walikuwa wakitesa watu wa kabila lao wenyewe. Walichoma vijiji na kuiba watoto. Usiku watu walikimbilia hospitali kwa sababu kulikuwa ukuta na mwangaza. Matthew aliwafungulia mulango. Maelfu walilala katika lupango la Lacor, mikeka kando ya mikeka, na asubuhi walirudi kwenye mashamba yao.

Watu wa Fizi hawashangai kusikia hayo. Toka vita ya 1996 wengi wetu tulilala porini, wengine walivuka ziwa wakaishi miaka katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na walirudi na mashua kupitia Baraka kuanzia 2005. Tunajua hospitali inakuwa nini wakati wa vita: inakuwa pia soko, shule na kimbilio.

Siku ya Ijumaa Kuu, mwaka wa 1989, waasi waliingia hospitalini. Walitaka kuchukua masista wauguzi Waitaliano. Matthew akasimama mbele yao akawaomba wamuchukue yeye, wawaache masista. Walikubali. Wakamupeleka porini na koti lake jeupe la kazi. Alitembea nao juma nzima, akiwahudumia waliojeruhiwa, mupaka walipomuachilia.

Tusipite haraka hapa. Munganga mukubwa wa hospitali alijitoa mahali pa wauguzi. Katika hospitali nyingi mambo yanaenda kinyume: mukubwa anakaa ofisini, na hatari inaachiwa yule wa chini. Wauguzi wa Lacor walijua toka siku ile kwamba mukubwa wao hatawaweka mbele yake. Miaka 11 nyuma, wakati ilikuwa lazima kuwaomba jambo zito sana, hawakuwa wamesahau.

Mwaka wa 1990 Matthew alipata nafasi ya kwenda Liverpool, Uingereza, kusomea magonjwa ya watoto ya inchi za joto. Angeweza kubaki kule, kama wengi wanavyofanya. Alirudi Gulu, kwenye vita. Alikuwa na bibi, Margaret, na watoto watano. Katika miaka ile pia aliona namna Lucille Teasdale alivyoishi na ukimwi, ugonjwa alioupata mezani pa upasuaji wakati alikuwa akipasua majeruhi wa vita. Lucille aliendelea na kazi kadiri nguvu zilivyomuruhusu, akafa Agosti 1996. Matthew akajua kwa macho yake kwamba katika kazi hii kisu ao tone la damu linaweza kumaliza maisha ya munganga polepole.

Simu kutoka Lacor

Mwishoni mwa 1998 Matthew aliacha uongozi kwa muda akaenda Kampala na jamaa yake, kusoma afya ya watu wote. Nyuma ya kazi ngumu ya miaka 15, ulikuwa ni muda wa kupumua kidogo. Tarehe 7 Oktoba 2000, asubuhi, mwenzake Dokta Cyprian Opira akamupigia simu. Kulikuwa ugonjwa ambao hakuna mutu aliyeuelewa, na ulikuwa umekwisha kuua wanafunzi wawili wa shule ya wauguzi.

Alifika Lacor siku ile ile. Alikuta mwanafunzi mwingine anakufa huku anatoka damu. Pamoja na Sista Maria Di Santo, mukubwa wa wauguzi, walichukua madaftari ya hospitali wakatafuta vifo vyote vya karibu vilivyofanana na kile. Walikuta 17. Usiku Matthew alisoma vitabu na ripoti juu ya homa zinazotoa damu. Mbele ya mapambazuko alikuwa na jina moja katika akili yake: Ebola.

Jina lile ni la kwetu. Ebola ni mutoni wa Kongo, karibu na Yambuku, mahali ugonjwa ulijulikana mara ya kwanza mwaka wa 1976. Kule Yambuku, kati ya watumishi 17 wa hospitali ya misioni, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Mwaka wa 1995 ugonjwa ulirudi Kikwit. Masista sita Waitaliano wa shirika la Poverelle walikufa, mumoja nyuma ya mwingine, sababu waliuguzana wao kwa wao. Matthew alijua kwamba ugonjwa huu unapita njia ya mapendo: unamuchukua mama anayeosha maiti ya mutoto, na muuguzi anayemushika mukono mwenzake.

Hakungojea barua zizunguke ofisini. Alipiga simu moja kwa moja kwa Dokta Sam Okware, mukubwa wa afya ya watu katika wizara ya Kampala. Wakati watu wa serikali walifika kuchukua damu ya kupima, walikuta Lacor imekwisha kutenga jumba moja kwa wagonjwa wale, na wauguzi waliojitoa kwa hiari yao wamekwisha kufundishwa namna ya kuvaa. Katikati ya mwezi wa Oktoba, maabara ya Afrika ya Kusini ilihakikisha: ni Ebola.

Zamu ya namna ile

Tujaribu kufasiria zamu yenyewe, sababu pale njo kuko uzito wa hadisi hii.

Muuguzi anafika. Mbele ya kuingia anavaa buti, kanzu, aproni, kofia, maski, glovu mbili mbili. Jua la Gulu linachoma, na ndani ya nguo zile jasho linashuka kama mvua. Hakuna kujipangusa uso. Hakuna kunywa maji mupaka utoke. Ndani kuko wagonjwa wanaotapika, wanaohara, wengine wanatoka damu, wengine akili imepotea na wanataka kukimbia. Hakukuwa dawa ya kuponya. Muuguzi alikuwa na serumu, maji, chakula, kusafisha, kugeuza mugonjwa kitandani, na kusema naye. Akitoka, anamwagiwa maji ya Javel, anavua kitu kimoja kimoja na kunawa kila mara. Kiisha anarudi nyumbani, na majirani wanamukimbia. Sokoni mutu hataki kupokea feza kutoka mukono wake.

Zaidi ya yote, mugonjwa wa kitanda kile anaweza kuwa mwenzako, yule mulivaa naye jana.

Wale wauguzi walipata nguvu wapi? Matthew hakuwa na dawa ya kuwapa, wala feza nyingi. Aliwapa kitu kimoja: hakuwatuma mahali ambapo yeye haendi. Alivaa kama wao, akaingia kama wao, kila siku. Alijua majina yao. Walipokuwa na hofu hakuwaambia kwamba hofu ni haya. Na wao kwa wao walisaidiana: walivaa pamoja, waliingia pamoja, na aliyechoka alipokelewa. Wale waliougua walihudumiwa na wenzao mupaka saa ya mwisho, si na wageni.

Siku ya hasira

Lakini mwezi wa Novemba kamba ilikaribia kukatika. Hata wale waliojilinda walianza kuanguka. Ndani ya siku moja walikufa watu 7, na kati yao 3 walikuwa watumishi wa afya. Asubuhi wauguzi hawakuingia kazini. Mamia ya watumishi wa Lacor walikusanyika katika jumba la mikutano la shule ya wauguzi. Walikuwa na huzuni, na huzuni ilikuwa imegeuka hasira. Walitaka hospitali ifungwe.

Hapa wakubwa wengi wangeleta vitisho: barua ya kufukuza, kukatwa mushahara, kuitwa waasi. Matthew alifanya namna ingine. Alikuja mwenyewe, akakaa nao, akawasikiliza. Mukutano ulichukua saa nyingi. Aliwaacha waseme kila kitu. Kiisha akawakumbusha habari ya 1989, namna alivyojitoa mikononi mwa waasi kwa ajili ya wengine. Akawaambia kwamba anayetaka kwenda aende, lakini yeye atabaki na wagonjwa. Na kama hospitali ikifungwa, yeye atatoka Gulu na hatarudi tena. Hakuwaahidi kwamba hakuna mwingine atakayekufa. Angesema vile, wangejua kwamba anadanganya.

Mukutano ulianza na hasira, ukaisha na nyimbo. Wauguzi walirudi kazini. Lacor haikufungwa, na jambo hili lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana: kama Lacor ingefungwa kama Yambuku ilivyofungwa, wagonjwa wangerudi vijijini, na kila nyumba ingekuwa chanzo kipya cha ugonjwa.

Tunasema wazi: maneno peke yake hayangetosha. Mutu mwingine angesema yale yale na watu wangecheka. Wauguzi waliamini maneno ya Matthew kwa sababu ya miaka 17 waliyomuona akiishi.

Mbele ya mapambazuko

Katika mwezi ule ule wa Novemba, tarehe 20, yapata saa kumi na moja alfajiri, simu ililia nyumbani kwa Matthew. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika jumba la Ebola. Mugonjwa mumoja, yeye pia muuguzi wa Lacor, alikuwa amezidiwa sana. Alikuwa amejivua maski, anakohoa damu, anataka kutoka kitandani, ana nguvu za ajabu kama vile wagonjwa hawa wanavyokuwa nazo saa za mwisho. Muuguzi wa zamu aliogopa. Nani asingeogopa?

Alipoita, Matthew alikuja. Alivaa kanzu, aproni, kofia, maski, glovu mbili, buti. Lakini kwa haraka ile hakuvaa miwani ya kukinga macho. Alisaidia kumutuliza mugonjwa, kumusafisha, kumuweka vizuri. Mugonjwa alikufa kitambo kidogo nyuma yake. Inafikiriwa kwamba ni saa ile Matthew alipata ugonjwa.

Siku sita nyuma, siku ya Mungu ya 26 Novemba, alijisikia vibaya, kama mwenye mafua. Homa ikapanda. Wenzake walitumaini ni malaria. Haikuwa malaria. Alipojua, aliomba apelekwe katika jumba lile lile alilolianzisha, kitandani kati ya wagonjwa wengine, na wale aliowafundisha kuvaa njo waliomuhudumia. Margaret alikuja kutoka Kampala. Aliruhusiwa kuingia akiwa amevaa nguo zote za kujikinga, akamugusa bwana yake mguuni kupitia glovu.

Usiku wa tarehe 5 Desemba 2000, saa saba na dakika 20, Matthew Lukwiya alikata roho. Alizikwa siku ile ile, kwa kanuni alizoziweka yeye mwenyewe: maiti kuwekwa upesi na watu waliovaa, na jamaa kusimama mbali. Kaburi lake liko katika lupango la hospitali, kando ya lile la Lucille Teasdale.

Watumishi wa Lacor waliokufa kwa ugonjwa ule walikuwa 13 pamoja naye. Katika Uganda nzima waliougua walikuwa 425, na waliokufa 224. Mwisho wa ugonjwa ulitangazwa Februari 2001. Zaidi kidogo ya nusu ya waliougua walikufa. Yambuku, mwaka wa 1976, walikufa karibu watu 9 kati ya kila 10. Aina ya virusi haikuwa moja, ile ya Gulu ilikuwa na ukali kidogo kuliko ya Yambuku, kwa hiyo hatuwezi kupima kazi ya Lacor kwa hesabu hii. Lakini kuko watu wanaoishi Gulu leo sababu wauguzi wale walibaki kando ya vitanda vyao.

Mafundisho mawili

Maisha ya mutu huyu yanatupa mafundisho mawili, na yote mawili yanahitajiana.

La kwanza: muuguzi anayejua kwamba akiita atasikiwa, anaweza kubeba zamu ambayo ingemuvunja akiwa peke yake. Kazi ni ile ile, wagonjwa ni wale wale, saa ni zile zile, lakini uzito unagawanyika.

La pili ni gumu zaidi: mapendo bila mupango yanaua. Matthew aliitika, lakini hakuna mutu aliyesimama mulangoni kumuangalia toka kichwa mupaka mguu na kumurudisha sababu ya miwani. Masista wa Kikwit walipendana, na katika kuuguzana walifuatana kaburini. Dunia ilijifunza polepole. Katika Ebola za miaka ya nyuma, Afrika ya Magharibi mwaka wa 2014 na kwetu Beni na Butembo kuanzia 2018, kanuni ilikuwa hii: hakuna kuingia peke yako. Wanaingia wawili wawili. Mbele ya kuingia kila mumoja anamukagua mwenzake. Ndani wanaangaliana. Mumoja akichoka ao nguo ikipasuka, wote wawili wanatoka. Na wakati wa kuvua kuko mutu wa tatu anayewaongoza hatua kwa hatua na maji ya Javel mukononi. Kumsaidia mwenzako, kwa kanuni hii, ni pamoja na kumukataza asikimbie kukusaidia akiwa uchi.

Na hapa kwetu?

Agosti 2019 Ebola ile ya Beni ilifika Kivu ya Kusini, kule Mwenga, nyuma ya milima ya Itombwe tunayoiona kutoka Fizi. Haikushuka kwetu. Lakini sisi tuko na yetu. Kipindupindu hakitoki kando ya ziwa. Kinalala kidogo, kiisha kinaamuka. Muuguzi wa Baraka anaijua ile zamu: vitanda vyenye tundu katikati, ndoo chini ya kila kitanda, mugonjwa anayeweza kupoteza litri moja ya maji kwa saa moja. Serumu ikiisha na hakuna aliyeona, mutu anakufa. Na wakati wa msukosuko, majeruhi wa vita wanaletwa usiku ule ule, na mama wa kuzaa anangojea pembeni.

Katika zamu kama ile, musaada wa wenzako si maneno matamu. Ni mambo madogo yanayoonekana. Anayetoka zamu asikimbie; apite kitanda kwa kitanda na anayeingia, amuambie nani amekunywa nini, nani amebakiza serumu ngapi. Wagawane vitanda, mumoja ahesabu ndoo, mwingine ashike mishipa. Mukubwa wa zamu asimukaripie muuguzi kijana mbele ya wagonjwa; akikosea, amufundishe pembeni. Mama anayepiga deki na Javel ahesabiwe kama mutu wa zamu, sababu bila yeye wote wataugua. Mulinzi wa mulango pia. Na munganga wa gadi, akiitwa saa tisa ya usiku, aamuke bila kuuliza kama ilikuwa lazima kweli. Muuguzi aliyejibiwa vibaya mara moja hataita mara ya pili, na mara ile ya pili njo mugonjwa atakufa.

Nyuma ya usiku mubaya, tuketi pamoja. Dakika kumi, na kikombe cha chai, zinatosha. Aliyempoteza mutoto mikononi mwake asirudi nyumbani na mzigo ule peke yake, akafika na kuukalisha juu ya bibi na watoto.

Hatusemi haya ili wakubwa wa inchi wapate kupumzika. Udugu wa wauguzi hauwezi kujaza chupa ya serumu iliyo tupu, wala kulipa mushahara uliochelewa. Muuguzi asiyelipwa, anayetumika bila glovu, hawezi kuombwa apende kazi tu. Matthew mwenyewe aliwatafutia wauguzi wake vifaa mbele ya kuwaomba ujasiri. Anayetaka kutumia jina lake kuwaambia watumishi wanyamaze, hajasoma vizuri maisha yake.

Lakini hata siku vifaa vitafika na mushahara utalipwa, kutabaki ile saa ya usiku ambapo mutu mumoja anasimama kando ya kitanda na mambo yanamushinda. Lacor iliishi kwa sababu watu wake walikuwa wamejifunza, miaka mingi mbele ya Ebola, kuitikiana. Jambo lile halinunuliwi siku ugonjwa unafika. Linapandwa siku za kawaida, katika zamu za kawaida: namna ya kusalimiana asubuhi, namna ya kupokeana, namna ya kusema pole.

Basi usiku wa leo, katika Baraka, katika Fizi ya juu, katika Nundu, katika vituo vidogo vya Kimbi na Lulenge, kuko muuguzi anayeanza zamu. Wewe mukubwa wake, hakikisha simu yako inasikika. Wewe mwenzake, mbele ya kutoka, muangalie kama amevaa vizuri.